Makaratasi ya mwandishi wa habari aliyefariki: tuanzie wapi?

Kalamu_Nzito:
Wakuu, kuna maboksi tisa ya mwandishi wa habari mkongwe aliyefariki: madaftari ya mahojiano, barua, vipande vya magazeti, negativu, kaseti na disketi chache. Familia inataka vyote vipangwe kwa tarehe, viskaniwe, kisha karatasi zitupwe. Mjane wake, naye alikuwa mhariri, yuko tayari kuhojiwa. Kipi kitangulie, na kipi kisiguswe kabisa?

Mtunza_Nyaraka:
Mkuu, zuia hiyo kazi ya kupanga kwa tarehe leo hii. Mpangilio aliouacha marehemu ni ushahidi. Barua iliyochomekwa katikati ya daftari inaonyesha ilihusu habari ipi; ukiihamishia kwenye rundo la barua, uhusiano huo umekufa na hakuna atakayeufufua. Yape maboksi namba, piga picha kila boksi kabla ya kutoa kitu, kisha andika rejesta: boksi, faili, kilichomo, tarehe ya mwanzo na ya mwisho, hali yake. Tumia penseli laini, kwani wino huvuja karatasi ikilowa.

Pini za stepla zilizoshika kutu usizing'oe kwa kile kikoleo chake, zitachana karatasi. Geuza upande wa nyuma, inua miguu ya pini kwa kibapa chembamba, ndipo uisukume itoke. Selotepu ya zamani iacheni ilivyo, na msibandike mpya. Lamineti ni marufuku.

Karatasi ya gazeti hujaa asidi kadiri inavyozeeka na hutia madoa ya kahawia karatasi iliyoigusa. Toa nakala kwenye karatasi isiyo na asidi, kipande chenyewe kikae kwenye bahasha yake. Kama hakina tarehe, soma upande wake wa nyuma: matokeo ya mechi au tangazo la mkutano mara nyingi hutaja siku. Faksi zile za karatasi laini ya kung'aa ziskani mapema, maandishi yake hufifia hadi ukurasa ubaki mtupu.

Kuskani: maandishi dpi (nukta kwa kila inchi) 300, penseli iliyofifia dpi 400, picha dpi 600, negativu za milimita 35 dpi 3,000 hadi 4,000. Faili mama, ile ya kuhifadhi, iwe TIFF, aina ya faili la picha lisilopunguza ubora. Negativu inayonuka siki imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Itenge, na iwe ya kwanza kuskaniwa. Kaseti yenye unga mweupe kwenye dirisha lake usiicheze, huo ni ukungu. Zilizo nzima vunja vile vijino vya juu ili zisirekodiwe tena kwa bahati mbaya. Disketi ya inchi 3.5 fungua kwanza kile kitundu cha kuzuia kuandikwa, kisha nakili disketi nzima kabla ya kufungua faili lolote.

Na karatasi hazitupwi. Skani ni nakala tu.

Haki_na_Hati:
Naongezea mawili. Barua alizopokea ni mali ya familia kama karatasi, lakini katika nchi nyingi hakimiliki ya maneno ni ya aliyeandika. Kuzichapisha kunahitaji ruhusa yake au ya warithi wake.

Pili, na hili ndilo zito zaidi: madaftari yana majina ya watu waliozungumza kwa ahadi ya kufichwa. Kifo cha mwandishi hakifuti ahadi hiyo. Msiyapakie mtandaoni, wala msifute majina kwa wino kwenye daftari lenyewe. Yawekwe kwenye boksi lililofungwa, likiandikwa mwaka wa kufunguliwa. Mkikabidhi kwa maktaba au hifadhi ya nyaraka, sharti hilo liingie kwenye hati ya makabidhiano, pamoja na nani mmiliki, nani asome, na nakala za ziada zirudi kwa nani.

Kalamu_Nzito:
Asanteni sana. Nimesahau kusema: madaftari mengi yameandikwa kwa hatimkato, yaani alama za kuandikia haraka, na vifupisho vyake mwenyewe.

Sauti_Hai:
Basi mahojiano na mjane yatangulie skani. Vifupisho vya mtu hubaki kwa wachache waliofanya kazi naye. Wakiondoka, daftari linabaki michoro. Mpe kurasa chache asome kwa sauti, mtengeneze orodha ya alama na maana zake. Watafuteni pia aliofanya nao kazi kwenye chumba cha habari.

Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kHz 48, kila mtu na maikrofoni yake. Zima feni na friji. Kikao kisizidi dakika 90. Mkishika picha, taja namba yake kwa sauti, "sasa tunatazama boksi la 3, picha ya 14", maana atakayesikiliza baadaye haoni mlichoshika. Muulize kisichopatikana gazetini: habari ipi ilikatwa, nani aliikata, nakala ya kwanza iko boksi lipi. Fomu ya ridhaa asome na kuitia sahihi baada ya kikao cha mwisho, akishajua alichosema, na awe na nafasi ya kufunga sehemu anazotaka zisubiri.

Nakala tatu za kila rekodi, moja ikae jengo jingine, kabla hamjafuta chochote kwenye kinasa sauti.