Dawa ya maji na kansa: klorini iachwe? Wana Tabora na Kigoma tujadili

Mjukuu wa Isike (Tabora): Ndugu zangu, leo huku Ipuli bomba limetoa maji yananuka jiki mpaka chai haikunyweka. Nimesoma kwamba klorini ikikutana na uozo wa majani ndani ya maji huzaa kemikali ziitwazo trihalomethani, mojawapo klorofomu, na zinahusishwa na kansa ya kibofu. Marekani walishapiga marufuku tangu 1979, sisi bado tunanyweshwa. Kwa nini isiachwe? Jirani zangu wamesharudi kwenye visima na sioni kosa lao.

Mwana Kibirizi (Kigoma): Mkuu, Marekani hawakupiga marufuku klorini. Mwaka huo waliweka kikomo cha hizo trihalomethani, mikrogramu 100 kwa lita, baadaye wakashusha hadi 80. Klorini wanatia mpaka leo. Aliyezigundua ni Mholanzi, Rook, kwenye maji ya Rotterdam, akaandika 1974. Mzizi wa tatizo ni uchafu wa mimea. Ziwa Tanganyika ni kioo, sisi hatuna hofu hiyo. Nyie mliolelewa na tope la Igombe lazima muwe na wasiwasi.

Mama Isevya: Tope la Igombe? Kijana, shika adabu. Bwawa la Igombe limeulea mji huu miaka mingi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia. Na nyie wenye kioo, kipindupindu cha Kagunga, huko huko kwenu Kigoma, 2015 kilitoka wapi, na ziwa liko mlangoni?

Mwana Kibirizi: Shikamoo mama. Ila Kagunga usiiguse. Wale walikuwa wakimbizi wa Burundi, maelfu wamebanana kwenye kijiji kimoja, wanakunywa ziwa lile lile wanalojisaidia kando yake. Meli ya Liemba ilipokuwa ikiwaleta mjini, tuliona hali zao. Waliokufa hawakuuawa na trihalomethani.

Mjukuu wa Isike: Hujajibu. Huko huko Uholanzi kwa huyo Rook wako, siku hizi maji ya bomba hayatiwi klorini. Wao wanaweza, sisi tumelogwa?

Fundi Bomba Ng'ambo: Naomba nijibu mimi. Uholanzi maji yao mengi ni ya chini ya ardhi, mengine huchujwa kwenye matuta ya mchanga pwani, na mabomba yao hayavuji ovyo. Hapa maji yakikatika usiku, bomba linabaki tupu na kufyonza maji ya mtaroni kupitia nyufa. Yakirudi alfajiri, kinachomlinda mwanao ni ile klorini iliyobaki ndani, hata ikiwa miligramu 0.2 tu kwa lita. Ukitaka trihalomethani zipungue, tia shabu kwanza, tope litulie, maji yachujwe, klorini ifuate mwisho. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha klorofomu mikrogramu 300 kwa lita, na linasisitiza kuua vijidudu kusilegezwe kwa kuziogopa kemikali hizi. Kansa hiyo inatajwa kwa watu waliokunywa miaka na miaka. Kipindupindu kisipotibiwa kinammaliza mtu kwa saa chache. Hao waliorudi visimani, vyoo vyao viko hatua ngapi kutoka kisimani?

Mrina Asali (Sikonge): Fundi umetema madini. Mwenye hofu achemshe tu. Klorofomu inachemka kwenye nyuzi 61 hivi, sufuria ikiwa wazi inapaa na mvuke. Jambo dogo.

Mama Isevya: Dogo kwa nani? Mkaa unanunua wewe? Wanaume mnasema "chemsheni" kama jiko linajiwasha lenyewe. Bei ya gunia unaijua? Mapori ya Tabora yameliwa na mkaa na tumbaku, na bado mnatuambia tuongeze kuni.

Mrina Asali (Sikonge): Mama, tumbaku usiiingize hapa. Tumbaku ndiyo iliyonisomesha mimi na wadogo zangu. Mkulima wa Urambo na Sikonge ale nini?

Mwana Kibirizi: Mkoa unalima tumbaku halafu unaogopa kansa ya bomba!

Mjukuu wa Isike: Mimi sivuti wala silimi. Mada ni maji. Ninachotaka ni vipimo vya trihalomethani vibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya kata tuvisome.

Fundi Bomba Ng'ambo: Hapo niko na wewe moja kwa moja, na klorini iliyobaki bombani ibandikwe pia. Lakini mwanzo uliomba dawa iachwe. Hilo nalikataa hadi mwisho, nimezika watoto wa watu kwa kuhara.

Mrina Asali (Sikonge): Bado sijajibiwa kuhusu tumbaku. Tunapanda miti kila msimu, mama, njoo Sikonge uone.

Mama Isevya: Unajiita mrina asali, baba, halafu unatetea mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa kuni. Mti wa miombo unachukua miaka mingapi kukua, na bani moja linakula miti mingapi kwa msimu? Nijibu hilo kwanza.