Namba 381654729, ipo peke yake au zipo nyingine?

duka_la_kona: Wakuu habari za jioni. Jana napiga hesabu za duka, mdogo wangu wa darasa la sita akaja na karatasi kaandika 381654729, akasema kaka shika kalkuleta, tarakimu 1 mpaka 9 zimo zote na hakuna iliyojirudia. Akaanza, 38 gawa kwa 2 inatoka, 381 kwa 3 ni 127, 3816 kwa 4 ni 954, 38165 kwa 5 inatoka, tukaenda hivyo hivyo mpaka yote kwa 9 ikaja 42406081 bila baki. Usingizi ulikata. Sasa aliyeipata aliipataje jamani, maana kupanga tarakimu tisa kuna njia 362,880?

mwl_chaki: Ni hiyo peke yake mkuu, na kalamu inatosha. Anza nafasi ya tano, sifuri haimo kwa hiyo hapo ni 5 tu. Ya pili, nne, sita na nane zinataka shufwa, na shufwa ziko nne tu, basi witiri zinakaa kwingine kote. Kugawa kwa 4 unaangalia tarakimu mbili za mwisho, ya tatu ni witiri, so ya nne ni 2 au 6. Ya nane nayo ukiipima kwa 8 inakuja hivyo hivyo, kwa hiyo 4 na 8 zinaenda ya pili na ya sita. Halafu tatu za kwanza zinagawanyika kwa 3 na sita za kwanza pia, kwa hiyo zile tatu za katikati nazo lazima, hapo inabaki 258 au 654 basi.

duka_la_kona: Dah, kumbe! Na 9 je?

mwl_chaki: 1 mpaka 9 ukijumlisha ni 45, kwa hiyo 9 inakubali hata upange vipi.

bi_tarakimu: Nimekaa na daftari nikaziandika zilizobaki baada ya hapo, ziko 10 tu, na inayozichuja ni 7. Kilichonifurahisha zaidi, mojawapo ni 987654321! Yaani imeshuka ngazi tu kutoka 9 lakini inapita kote, hata 98765432 kwa 8 unapata 12345679, ila 9876543 kwa 7 inabaki 5. Imekwama hapo tu. 1836547 nayo inabaki 6. Ni 3816547 peke yake inayotoka safi, 545221.

mwl_chaki: Safi sana dada, hiyo ya 987654321 sikuwahi kuiona. Ukiruhusu sifuri na tarakimu kujirudia zinakuwepo ndefu zaidi, iliyo ndefu kuliko zote ina tarakimu 25, ni 3608528850368400786036725, hapo ya 26 weka yoyote utakayo, haikubali.

duka_la_kona: Asanteni sana wakuu. Kesho dogo akitoka shule nampa 987654321 aanze nayo, nisimwambie kitu mpaka afike kwenye 7.