Watoto wa mbwa wenye mikunjo kwenye retina: je, ni ugonjwa wa kurithi?

Mfugaji:
Ndugu zangu, watoto wa mbwa wangu wamechunguzwa macho wakiwa na wiki saba, na wawili kati yao wamekutwa na mikunjo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ingawa wanacheza kama wenzao. Wazazi wao wote wanaona vizuri. Je, tatizo hili linaweza kurithiwa hata wazazi wasipokuwa na dalili, na je, lina uhusiano wowote na magonjwa ya macho ya binadamu?

Tabibu wa Wanyama:
Ndugu Mfugaji, mikunjo hiyo hutokea pale tabaka za retina zinaposhindwa kujipanga sawasawa jicho linapoumbika. Madhara yake hutofautiana sana: mnyama mmoja huwa na mikunjo michache isiyomzuia kuona, na mwingine retina yake hubanduka akawa kipofu. Katika aina nyingi za mbwa hitilafu hii hurithiwa kwa siri, yaani mzazi mwenye nakala moja mbovu ya jeni huona vizuri, lakini wawili wa namna hiyo wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbili mbovu.

Hata hivyo, maambukizi nayo yachunguzwe, kwa sababu virusi vya herpesi vya mbwa vinaweza kuharibu retina ambayo haijakomaa. Ndama nao huzaliwa na kasoro kama hiyo mama anapoambukizwa virusi vya kuhara vya ng'ombe akiwa na mimba. Ninasisitiza pia kwamba mikunjo midogo inaweza kufifia kadiri mtoto anavyokua, kwa hiyo tunza matokeo ya uchunguzi huu wa mapema.

Muuguzi wa Macho:
Kwa binadamu, mfano ulio karibu ni ugonjwa wa Norrie, unaotokana na hitilafu ya jeni NDP katika kromosomu X: retina haikui ipasavyo, na karibu wote wanaoathirika ni wavulana, ambao huwa vipofu tangu kuzaliwa au mapema sana utotoni.

Uhusiano ulioleta tiba, hata hivyo, ulipatikana katika jeni nyingine, RPE65, ambayo hitilafu yake hudhoofisha uwezo wa kuona wa mbwa aina ya Briard na wa baadhi ya watoto wanaozaliwa na upofu wa Leber, ugonjwa wa kurithi wa retina. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kuwa mbwa waliopandikizwa jeni nzima chini ya retina walianza kuona, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni hiyo kwa binadamu. Ni tiba ya wenye hitilafu ya RPE65 pekee, tena ambao bado wana seli hai za kutosha kwenye retina.

Mfugaji:
Ninawashukuru. Je, wale wasio na mikunjo ninaweza kuwazalisha?

Tabibu wa Wanyama:
Bado usiwazalishe. Ikiwa chanzo ni urithi wa siri, wawili katika kila watatu wasio na dalili hutarajiwa kubeba nakala moja mbovu, na uchunguzi wa macho hauwezi kuwatambua. Uliza kama aina yako ya mbwa ina kipimo cha jeni. Kama hakipo, usiwapandishe tena wazazi hao wawili.