Ushauri: Faili langu hospitalini lina kisukari, mimi sina

Binti_Mbagala: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi hauji. Wiki ijayo nafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, hospitali moja hapa Dar. Jana daktari kafungua kompyuta akaniuliza kama dawa za kisukari nameza vizuri. Sijawahi kuugua kisukari! Kundi la damu kasoma B, mimi ni O. Mfumo wao umechanganya watu. Niwashtaki?

MzeeWaKigogo: Pole. Zamani ulinunua daftari dukani, unaenda nalo kwa daktari na kurudi nalo nyumbani. Juzi nimepanga foleni tangu alfajiri, saa nne tunaambiwa mtandao umekata. Nikarudi na presha yangu.

FundiSeva: Nimefanya kazi na mifumo hii. Majina yakifanana, faili huchanganyika. Ila kisukari na damu, vyote chini ya namba yako? Kadi yako ya bima katumia nani?

Binti_Mbagala: Inahusiana vipi?

FundiSeva: Inahusiana sana. Jibu.

Binti_Mbagala: Mdogo wangu. Hana bima, sukari ilipanda hadi hasimami. Ningemwacha afe? Na nimeshaongea na kijana wa kompyuta pale, anafuta yote kwa elfu hamsini. Nusu nimeshatuma.

MamaTabata: Mwanangu, kuazimana kadi ni kuiba michango ya wenzako. Tubu kwanza.

Dogo_Kimara: Chai hii. Kadi ina picha, mapokezi waliangalia nini?

Binti_Mbagala: Tumefanana mno. Dirishani wanataka namba tu.

Dogo_Kimara: Chai, tena ya rangi.

MzeeWaKigogo: Si chai. Jirani yangu, mama mtu mzima, faili lake linaonyesha katahiriwa. Ilikuwa ya mwanawe.

FundiSeva: Hata kama ni chai, wapo wanaosoma humu wenye shida hiyohiyo. Binti, usimtumie huyo kijana hata shilingi. Anayekufutia kwa elfu hamsini atamsomea mwingine faili lako kwa bei hiyohiyo. Taarifa za matibabu husahihishwa, na mfumo mzuri huandika nani kagusa nini, saa ngapi. Ukifuta, na mdogo wako anapoteza historia yake. Kesho mwambie daktari wa upasuaji na wa usingizi. Damu watapima upya na kuilinganisha kabla ya kukuongezea, lakini ukipewa dawa ya kushusha sukari huna kisukari, tena hujala, unaweza kuzimia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuomba masahihisho, na Tume ya kulalamikia ipo. Mifumo hii ni migumu: Uingereza ilianza mradi wa kuunganisha hospitali zake mwaka 2002, ikateketeza mabilioni ya pauni, na 2011 ikatangaza kuuvunja. Kompyuta inaamini namba unayoipa. Kuilinda namba hiyo ni kazi yako.

Binti_Mbagala: Nikisema ukweli, bima watanifungia kadi.

FundiSeva: Huenda. Na ukinyamaza unaingia chumba cha upasuaji na mwili wa mtu mwingine kwenye karatasi.

Binti_Mbagala: Daktari wa usingizi nitamwambia. Ya bima nitayaona nikitoka salama.

Dogo_Kimara: Weka picha ya faili tuamini.

Binti_Mbagala: Ngoja niitafute kwenye simu.

FundiSeva: Binti, USIWEKE!