Kuku wa mayai kulegea miguu: ni upungufu wa madini au mahepe (ugonjwa wa Marek, wa virusi, unaopoozesha miguu)?

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kwa kuku wangu wa mayai, wiki ya 34, wanafugwa ndani muda wote. Baadhi wanataga mayai ya ganda laini, ukiyashika yanabonyea. Sasa wawili hawasimami: mmoja wao amekaa mguu mmoja ukiwa mbele na mguu wa pili nyuma. Wanakula vizuri, macho maangavu, hawaharishi. Walichanjwa mahepe siku ya kwanza, na kideri hurudiwa kila miezi 3.

Chakula nachanganya mwenyewe. Kwa kilo 100: mahindi 45, pumba 18, mashudu ya alizeti 22, dagaa 10, chokaa 4, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi. Kwa hesabu yangu kalsiamu haifiki asilimia 2, wakati mtagaji anahitaji 3.5 hadi 4. Nimewapa vitamini za maji, hakuna nafuu.

Maswali yangu:
Nikimchinja huyo aliyetanua miguu, mshipa wa fahamu wa paja uliovimba upande mmoja unatosha kusema ni mahepe, au nipeleke sampuli maabara?
Na chokaa nipandishe hadi kilo 9 mara moja, au niongeze kidogo kidogo na kuwawekea maganda ya chaza pembeni? Nahofia vumbi la chokaa litawafanya wasusie chakula.