Naomba ushauri: siri ya maombi imetoka nje
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwenye ushirika wetu wa akina mama dada mmoja alifunguka kuhusu ndoa yake akalia sana, tukamshika mikono tukaomba, wiki haijaisha habari iko nje. Sasa hivi anakaa karibu na mlango, akiulizwa hitaji anasema tu "mniombee afya" anainamia Biblia yake. Aliyesema namjua, ni mama mlezi wetu, ndo alinifundisha kuomba na nampenda kwa kweli. Mathayo 18:15 inasema umwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, ila aliyekosewa ni dada sio mimi, je nimuulize huyo dada kwanza? Nikinyamaza roho inanisuta. Mliopitia hili mlianzaje kuongea na mtu mzima bila kumvunjia heshima?