Kanda Saba, Pande Kumi na Tatu

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanaidi*

Mama Shamsa, 19:42
Assalam aleikum. Shikamoo shangazi. Watoto wa kidato cha pili wameambukizana ile tamthilia ya Netflix, 13 Reasons Why, ya msichana aliyejiua akaacha kanda za sauti akiwataja waliomkosea. Nikisoma wakosoaji wa sinema, sifa tupu. Nikisoma madaktari, wanataka ifutwe kabisa. Nimwamini nani?

Shangazi Rukia, 19:45
Marahaba mama. Waamini wote, ila hawakuwa wanaangalia kitu kimoja.

Idi, 19:47
Shikamooni wakubwa. Sifa anazosema dada ni za msimu wa kwanza tu, uliotoka tarehe 31 Machi 2017, vipindi 13. Pale Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, zaidi ya robo tatu ya wakosoaji waliupitisha. Msimu wa pili, Mei 2018, hawakufika hata theluthi moja. Wa tatu ukaanguka chini zaidi. Na ile asilimia si alama ya ubora jamani, ni hesabu ya wangapi wamesema "inafaa". Watu huichanganya kila siku.

Mama Shamsa, 19:48
Walisifu nini hasa?

Idi, 19:54
Uigizaji kwanza. Katherine Langford, aliyecheza Hannah, aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Kate Walsh, aliyecheza mama yake, naye alisifiwa sana. Halafu ukweli wa uonevu wenyewe: hakuna jitu moja baya linalopiga watu. Ni picha moja ya simu iliyosambazwa, orodha ya kuwapima wasichana maumbile, rafiki aliyehama meza. Vitu ambavyo mwalimu akiviona kimoja kimoja atasema "utoto tu".

Na ufundi. Angalia rangi. Siku za nyuma, Hannah akiwa hai, picha ina joto, njano ya jua la jioni. Siku za sasa ni buluu ya baridi. Tena Clay, kijana anayesikiliza kanda, ana jeraha kwenye paji la uso. Ukiona plasta, uko leo. Hakuna plasta, uko zamani. Kwa hiyo wanahama kati ya nyakati mbili ndani ya kipande kimoja bila maandishi, na mtazamaji hapotei. Sisi wa meza ya uhariri tunavua kofia.

Kasoro: imevutwa kama ubani. Kitabuni, cha Jay Asher, 2007, Clay anasikiliza zote usiku mmoja. Kwenye runinga anachukua siku nyingi kwa sababu wanataka saa 13. Kila mtu anamuuliza "hujamaliza tu?" Hilo wakosoaji walilisema tangu mwanzo.

Dk. Faraja, 20:01
Idi hajui kwamba ameshajibu swali zima. Rudia hapo kwenye rangi.

Hannah amekufa. Lakini ndiye mwenye mwanga wenye joto, ndiye anayesimulia, ndiye anayetembea korido akicheka. Na kanda ni saba, pande 13 zimejaa, karibu kila upande na mtu wake. Wote waliompuuza sasa wanamsikiliza neno kwa neno, wanatetemeka, wanakosana, wanalia. Yaani alichokikosa akiwa hai anakipata akiwa kaburini. Mtoto wa miaka 14 aliyedharauliwa darasani anapokea nini? Kwamba kifo kinafanya kazi. Kwamba atakuwepo kuona wakijuta. Hatakuwepo.

Kwa hiyo kile wakosoaji walichokiita ustadi ndicho kilichowatia hofu watu wa afya ya akili. Wasingekuwa hodari, isingekuwa na nguvu.

Bahati, 20:03
Hapo wifi umenena. Ila kwenye takwimu nitakuwekea breki, subiri tu.

Idi, 20:05
Na ile sehemu ya kipindi cha 13 kwenye bafu, ambapo ana
*Ujumbe huu umefutwa*

Dk. Faraja, 20:06
Asante kwa kufuta Idi. Hapa kuna watoto wenye simu za mama zao. Tunaweza kuzungumza kujiua kwa uwazi kabisa, ila njia aliyotumia mtu hatuiandiki, hata kwa mafumbo. Kutaja mada hakuui. Kueleza namna ndiko kunakoumiza.

Idi, 20:07
Samahani dokta. Basi niseme hivi: kitabuni tukio lenyewe halisimuliwi hatua kwa hatua. Walioandika tamthilia ndio walioamua kulionesha, kwa karibu dakika tatu, bila muziki, kamera haigeuki. Hoja yao ilikuwa kwamba likitisha vya kutosha, kijana ataogopa. Mmoja wa waandishi, Nic Sheff, alilitetea hadharani Aprili 2017.

Dk. Faraja, 20:12
Nia njema, dhana mbovu. Kitisho humfukuza asiyekuwa na wazo hilo. Aliye nalo tayari haoni kitisho, anaona maelekezo na mtu anayefanana naye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watengeneza filamu, wa 2019, unasema wazi: usioneshe tendo wala njia, onesha watu wanaovuka dhiki na walivyovuka, onesha msaada unapatikana wapi, usiliweke kama jambo la sababu moja. Pima msimu wa kwanza kwa vigezo hivyo uone kama utavuka hata viwili. Jina lenyewe linaahidi sababu 13, zote ni watu wengine, na ugonjwa wa sonona hautajwi vya maana.

Julai 2019 Netflix wenyewe waliikata sehemu hiyo, baada ya kushauriwa na wataalamu. Sasa Hannah anajitazama kwenye kioo, halafu moja kwa moja wazazi.

Mama Shamsa, 20:13
Kwa hiyo sasa ni salama?

Idi, 20:16
Ngoja. Ya Netflix ndiyo imekatwa. Ila watoto wetu wangapi wanaangalia Netflix yenyewe? Wanarushiwa muvi kwenye flashi. Faili lililoshushwa kabla ya Julai 2019 lina kipande kizima, na linazunguka kutoka flashi hadi flashi mpaka leo. Usitegemee tarehe ya faili, hubadilika ukinakili. Fungua kipindi cha 13 wewe mwenyewe, peke yako, sogeza hadi kwenye kioo. Picha ikiruka kwa wazazi, ni ya sasa. Isiporuka, zima, futa.

Bahati, 20:24
Haya, zamu yangu. Zile namba mnazotumiwa.

Utafiti wa Bridge na wenzake wa 2019 ulikuta vifo vya kujiua kwa Wamarekani wa miaka 10 hadi 17 vilipanda 28.9% Aprili 2017, na makadirio ya vifo 195 vya ziada hadi mwisho wa mwaka. Magazeti yakaandika "tamthilia yaua". Lakini ongezeko lililokuwa wazi lilikuwa la wavulana, wakati mhusika ni msichana. Mwaka 2020 mtafiti mwingine, Romer, akazirudia hesabu zilezile. Akakuta ongezeko la wavulana la Aprili halikuwa kubwa kuliko la Machi. Na tamthilia ilitoka siku ya mwisho ya Machi. Vifo vya vijana vilikuwa vinapanda miaka kadhaa kabla, na usipouondoa mwelekeo huo kwanza, chochote utakachokiweka katikati kitaonekana chanzo.

Kisha kuna utafiti mwingine wa 2019, wa Niederkrotenthaler, umri 10 hadi 19, Aprili hadi Juni. Huo ulikuta ongezeko la karibu 13%, na kubwa zaidi kwa wasichana. Tafiti mbili, nchi moja, majira yaleyale, jinsia zinapishana. Na zote zinahesabu vifo vya taifa zima: hakuna anayejua kati ya waliokufa nani aliiangalia.

Dk. Faraja, 20:27
Sikatai. Lakini usiishie hapo. Ujerumani Magharibi, 1981, tamthilia ya vipindi sita kuhusu mwanafunzi aliyejiua. Ikarudiwa 1982. Mara zote mbili vifo vya wavulana wa rika la mhusika vilipanda, kwa njia ileile. Mara ya pili watazamaji walikuwa wachache, na ongezeko likawa dogo. Hiyo ni dozi na athari yake.

Bahati, 20:29
Huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote, na hakuna anayeutaja 😅 Kurudiwa kwake ndiko kunakoupa nguvu. Nakubali kwamba hatari ipo. Nakataa mtu kunitumia 28.9% kama vile ni kipimo cha malaria.

Na upande wa pili: katika siku 19 za kwanza baada ya tamthilia kutoka, utafutaji wa maneno ya kujiua Google Marekani ulikuwa juu kwa 19% kuliko ulivyotarajiwa. Ndani yake waliotafuta namna walipanda, na waliotafuta namba ya msaada nao walipanda. Vyote viwili.

Mama Shamsa, 20:31
Shangazi umenyamaza. Wewe uko na watoto hawa kila siku.

Shangazi Rukia, 20:43
Nilikuwa naandika, vidole vizito.

Mimi kinachoniudhi si bafu, ni ofisi. Kipindi cha 13 Hannah anakwenda kwa mshauri wa shule, Bwana Porter. Anamwambia anataka kila kitu kikome, watu, maisha. Porter anamuuliza una maana gani, binti anarudi nyuma kidogo, naye anauacha uzi. Anahamia kwenye suala la binti kubakwa, anataka jina la aliyembaka, na jina lisipotajwa anamwambia njia iliyobaki ni kusahau na kusonga mbele. Binti anatoka, anasimama nje ya mlango akisubiri afuatwe. Mlango haufunguki.

Kama picha ya kosa la kazi, ni sahihi mno, ningeitumia kufundishia. Kama ujumbe kwa mwanafunzi, ni sumu: mtu mzima pekee aliyeombwa msaada ameshindwa, basi usijisumbue. Wakosoaji walimsifu mwigizaji, Derek Luke, na anastahili. Wenzetu wa ushauri nasaha walipiga kelele kwa sababu tamthilia haioneshi ofisi nyingine hata moja ambamo mambo yanakwenda vizuri.

Alipaswa kufanya nini? Binti akisema "nataka kikome", unaweka kalamu chini, simu unaizima, unauliza jambo lenyewe kwa jina lake: "Unafikiria kujiua?" Si "hufikirii mambo mabaya, eti?", hilo linamfundisha jibu. Kuuliza hakupandikizi wazo. Akisema ndiyo, au akinyamaza, unauliza kama amepanga lini na kwa namna gani. Haondoki peke yake, hata kwenda chooni. Mzazi anaitwa, na unamwambia mtoto mapema kwamba siri hii huwezi kuiweka. Vitu vya hatari nyumbani vinafungiwa usiku huohuo. Kesho yake asubuhi unamtafuta wewe, humsubiri aje. Na suala la kubakwa lina njia yake: hospitali mapema, ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, na dawati la jinsia polisi. Halimlazimu kutaja jina ndipo atibiwe.

Bahati, 20:45
👏🏾

Mama Shamsa, 20:46
Sasa nimkataze au nisimkataze?

Dk. Faraja, 20:52
New Zealand walijibu swali hilo Aprili 2017: bodi yao ikabuni daraja jipya, RP18, chini ya miaka 18 asiangalie bila mzazi au mlezi. Yaani hawakuifuta, waliweka mtu mzima kwenye kochi. Kwa mtoto aliyewahi kujidhuru, au aliyefiwa na mtu kwa kujiua karibuni, mimi nakataa kabisa, hata ukikaa naye. Aliye mzima na ana miaka 14, afadhali asubiri miaka miwili. Kama ameshaanza kuiona, usimkatishie katikati bila mazungumzo, atamalizia gizani.

Vipindi viwili kwa siku vinatosha. Zima ule mtindo wa kipindi kinachofuata kujianzisha chenyewe. Usisubiri mwisho ndipo uulize. Baada ya kila kipindi swali moja tu: "Hapa nani angeweza kusaidia, na angesema nini?" Kama jibu ni "hakuna" mara tatu mfululizo, acha kuzungumzia Hannah, zungumza naye yeye.

Idi, 20:57
Na kufunga: usifanyie kwenye runinga. Ingia akaunti kwa kivinjari, chagua wasifu wa mtoto, nenda kwenye vizuizi vya kutazama, weka kiwango cha umri, andika jina la tamthilia kwenye zilizozuiwa, hifadhi. Kisha weka namba ya siri kwenye wasifu WAKO. Hapo ndipo watu hukosea, wanamfungia mtoto chumba chake wanaacha cha baba wazi.

Misimu ya mbele msiiguse hata hivyo. Wa pili una tukio la ukatili chooni baya kuliko la kwanza, na wa tatu unataka tumhurumie mbakaji. Mbovu hata kama sinema.

Bahati, 21:02
Kwa faida: rapa Logic alitoa wimbo 2017 ambao jina lake ni namba ya simu ya msaada ya Marekani ya wakati huo. Mtu anataka kufa, anapiga, anasikilizwa, anabaki. Katika siku ulizovuma zaidi, simu ziliongezeka karibu 7% na vifo vilipungua kwa makadirio ya 5.5%, kama 245. Tahadhari zangu ni zilezile. Ila mwaka huohuo, nchi hiyohiyo, mada hiyohiyo.

Shangazi Rukia, 21:04
Na namba yetu Tanzania ni 116, simu kwa mtoto, bure. Kenya pia ni 116. Iandike kwenye friji, si kwenye simu ya baba.

Mama Shamsa, 21:19
Nimesogeza hadi kwenye kioo. Haikuruka.

Idi, 21:19
Futa. Na muulize flashi imetoka kwa nani.

Dk. Faraja, 21:20
Flashi baadaye. Kwanza muulize amefika kipindi cha ngapi, na aliiangalia na nani.